Waliohitimu Mapema

Nchi hii ina jina, tena zuri la kujaza mdomo, lakini sheria inasema kila anayelitaja asimame wima mpaka wanaomsikia wamalize kushangilia, nami miguu inanisumbua. Kwa hiyo tuiite nchi tu. Ukiona inafanana na unayoijua, shauri yako na macho yako.

Katika nchi hiyo kuna chuo kikuu, na katika chuo kuna bwalo la chakula, na katika bwalo hilo mimi nina dirisha langu la chapati na maharage. Napenda watu. Nikiona benchi tupu nasikia baridi mgongoni. Wanafunzi wananiita Shangazi Tunu, na hakuna penzi wala ugomvi wala uhamisho wa godoro uliowahi kutokea chuoni bila kupitia dirishani kwangu ukiwa bado wa moto. Kwa hiyo nikikuambia jambo la chuo, lichukue ukakae nalo. Na jambo lenyewe ni hili: chuoni kwetu hakuna mwanafunzi hata mmoja mwenye ugonjwa wa zinaa, wala virusi, wala kitu chochote kinachopatikana kitandani. Serikali imethibitisha.

Zamani walikuwepo, sikatai. Zamani zahanati ilikuwa nyuma ya chumba cha dobi, na mlangoni pana pazia la maua. Ndani alikaa Nesi Sabaha, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, anayekuita mwanangu hata kama anakufikia kiunoni. Foleni ilianza asubuhi. Huyu anapimwa, yule anachukua kondomu, mwingine ana swali tu ambalo hawezi kumwuliza mama yake. Wakitoka, wote wanapita kwangu kunywa chai, wengine wanacheka kwa kushusha pumzi, wengine kimya na bahasha ya vidonge mfukoni, lakini wanakunywa, na kesho nawaona tena.

Siku moja akaja Waziri wa Afya na Sura Njema, Mheshimiwa Gubika, akaiona ile foleni.

"Hawa wanangoja nini?"

"Huduma, Mheshimiwa," akajibu Mkuu wa Chuo, Profesa Kitojo, mtu mwema sana ambaye shingo yake imezoea kuinama hata akiwa peke yake.

"Huduma gani?"

Profesa akamnong'oneza. Waziri akaruka kama aliyemwagiwa uji.

"Vijana wa taifa hili? Hawa hawa niliowaona wakiimba uwanja wa ndege?" Akapanda juu ya ngazi ya dobi, maana Mheshimiwa hawezi kuhutubia akiwa usawa wa watu. "Ndugu zangu! Nimetembea nchi hii kaskazini na kusini. Mahali pasipo na zahanati sijawahi kukuta foleni ya wagonjwa. Hata siku moja! Sasa nani analeta wagonjwa kama siyo zahanati?"

Tukapiga makofi. Hoja ilikuwa nzito.

"Na hilo pazia! Mtu mwenye nia njema anaficha nini nyuma ya pazia? Serikali yangu ni serikali ya uwazi. Nataka zahanati ya uwazi."

*

Basi wanafunzi waliporudi kutoka likizo, wakaikuta zahanati mpya ndani ya bwalo, upande wa nyuma. Chumba cha vioo pande zote nne, kimeinuliwa juu ya jukwaa ili hata wanaokula mbali wasikose kitu. Taa kali juu. Kiti cha mgonjwa kimewekwa kikiangalia meza za chakula. Na Nesi Sabaha akapewa kipaza sauti, kwa amri ya Wizara, ili majibu ya kila kipimo yaelimishe wananchi wote kwa pamoja.

Mimi, kusema kweli, nilifurahi. Bwalo lilijaa kuliko wakati wowote. Watu waliwahi viti vya karibu nayo na sahani zao, wakae wangoje nani ataingia. Walingoja wiki ya kwanza, wakangoja ya pili. Hakuingia mtu. Nesi Sabaha akakaa mle ndani kama samaki wa kufugwa, anafuma kitambaa, akiinua macho anakutana na chuo kizima kinatafuna.

Mwisho wa muhula Wizara ikatangaza ushindi: wagonjwa hakuna. Vioo vilikuwa vimefanya katika miezi michache kazi ambayo dawa zilishindwa miaka na miaka.

Kondomu nazo hazikusahauliwa, kwa sababu serikali yetu si ya kusahau vitu. Ziliwekwa kwenye kisanduku cha chuma kilichopakwa rangi za taifa, ukutani, jirani na dirisha langu. Lakini kwa kuwa ni mali ya umma, na mali ya umma lazima iheshimiwe, mafundi wakaunganisha kisanduku na vipaza sauti vya bwalo. Ukivuta moja, unapigwa wimbo wa taifa. Wote, beti zote, na nchi hii kila Rais mpya huongeza ubeti wake.

Na wimbo wa taifa una sheria zake. Ukilia, unasimama wima, uso kwa bendera, na bendera ilikuwa ukuta wa mbele, juu ya meza kuu. Kusogea ni kosa. Kugeuza shingo ni kosa kubwa zaidi. Hata viongozi wakiwa meza kuu hugeuka kuitazama bendera, wakatupa migongo.

Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, mgeni wa mambo, akavuta mchana wa Jumatano. Bwalo zima likasimama, wali unapoa, mchuzi unaganda. Yeye naye, maskini mzalendo, akasimama wima pale pale kwenye kisanduku, mkono mmoja kifuani, na mwingine umeshika kile kitu. Wimbo ulipokwisha tukageuka wote kwa pamoja. Sijui kama umewahi kutazamwa na watu wanaodai muda wao na wali wao. Kesho yake kitanda chake kilikuwa kitupu, amehama chuo.

Tangu hapo kisanduku hakikuguswa, isipokuwa na afisa aliyekuja kila Ijumaa kukifuta vumbi.

*

Usidhani vijana waliacha. Vijana ni vijana. Ila sasa walihitaji kipimo kisicho na vioo, na kipimo kikapatikana, tena meza ya tatu kutoka dirishani kwangu.

Aliyekileta ni Fikirini, mwenyekiti wa wanafunzi, kijana mrefu mwenye meno meupe na shati lisilojua kukunjamana. Binamu yake aliwahi kuendesha gari la wagonjwa, kwa hiyo udaktari ulikuwa kwenye ukoo. Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi. Unabonyeza ukucha wa dole gumba mpaka uwe mweupe. Unaachia. Wekundu ukirudi haraka, mtu huyo ni safi. Ukichelewa, mwache.

"Lete dole," anasema. Anabonyeza, anaachia, anaangalia juu kama anayesikiliza redio ya mbali. "Imerudi. Safi kabisa. Nendeni kwa amani."

"Na mimi je, mwenyekiti?"

"Wewe acha kwanza kula kachumbari, vidole vinanuka siki. Lete. Safi!"

Vicheko. Wanakwenda wawili wawili wameshikana mikono. Ikaja Ijumaa ya Kucha, sherehe nyuma ya mabweni, mlangoni wamesimama wakaguzi wa kubonyeza, na ukishapita hapo huulizwi kitu tena. Yakazuka na mashindano, nani amepita na wangapi tangu Ijumaa iliyopita, na mshindi anabebwa juu juu. Nami nilibonyezwa siku moja nikipika. Safi, nikaambiwa, japokuwa marehemu mume wangu aliondoka na shughuli hiyo miaka mingi iliyopita.

Habari zikafika Wizarani. Mheshimiwa Gubika akaja mbio na wapiga picha, akanyoosha dole gumba lake nene mbele ya kamera, Fikirini akalibonyeza.

"Safi, Mheshimiwa."

"Mmeona?" Waziri akanguruma. "Bila sindano, bila damu, bila fedha za wafadhili wenye masharti! Hiki ndicho Kipimo cha Taifa. Na kijana huyu, kuanzia leo, ni Balozi wa Usafi. Kucha safi?"

"Taifa safi!" tukaitikia.

Ndani ya vioo Nesi Sabaha alisimama, akasogeza kipaza sauti mdomoni. "Wanangu, ukucha hauonyeshi virusi," akasema taratibu. "Damu ndiyo inaonyesha. Na dawa ninazo hapa, mtu anameza kila siku, anaishi, anazeeka..."

Afisa akachomoa waya. Tukamwona midomo inaendelea kucheza nyuma ya kioo.

*

Mwaka uliofuata ndipo wanafunzi walipoanza kuhitimu mapema.

Wa kwanza alikuwa Mwajabu wa sheria, binti mcheshi, akicheka hata sufuria zangu zinaitikia. Akaanza kwa bangili. Zilikuwa zinambana, zikawa zinamteleza, siku moja zikaanguka kwenye sahani ya maharage naye akazitazama tu. Halafu kikohozi. Halafu kiti chake kikabaki wazi, na Profesa Kitojo akatangaza kwamba Mwajabu, kwa sababu ya bidii yake, amehitimu mapema. Tukaenda kumzika. Alikuwa amevalishwa joho la mahafali, kofia kifuani, na Profesa akasoma daraja lake alilotunukiwa.

Katika nchi hii hakuna mwanafunzi anayekufa, unaona. Wanahitimu. Chuo chetu kikapanda juu ya vyuo vyote kwa kuhitimisha haraka, tukapewa kombe.

Majoho yalishonwa na fundi Alfani. Hana ubaya, ni mtu mpole, ana futi yake ya kupimia shingoni na penseli sikioni. Mwanzo alikuwa anaitwa mtu akishahitimu. Baadaye kazi zikawa nyingi, ikabidi awahi. Akawa anakuja bwaloni wakati wa chakula, anaagiza chapati mbili, anakaa. Anatazama mabega ya watu. Meza anayokaa inaanza kutoka watu mmoja mmoja, hata hawajamaliza. Akikusogelea akakunyooshea futi mgongoni, kidogo tu, kwa adabu, anasema, "Samahani, mwanangu, nakisia tu." Na yule aliyekisiwa hata harudi kuchukua chenji yake.

Nilikuwa na mabenchi matupu mangapi? Sihesabu vitu kama hivyo. Nilijikuta nakanda unga kidogo, basi.

*

Sasa nikwambie habari ya Siwema, maana hiyo ndiyo iliyonileta.

Siwema alisoma ualimu, binti mweusi wa kung'aa, mkavu wa maneno, na alikuwa mtu wa Fikirini. Walibonyezana kucha mbele ya bwalo zima na watu wakapiga vigelegele. Asubuhi moja akaja dirishani kabla ya wenzake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Chapati ngapi?"

"Usinipe chapati. Harufu yake inanitapisha."

Nikamtazama kiuno, nikamtazama uso. Sisi wa mtaani hatuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Fikirini anajua?"

"Anajua. Nimemwambia na jingine. Yule aliyekuwa naye kabla yangu ni Mwajabu."

Mkono wangu ukabaki kwenye unga.

"Nikamwambia twende tukapimwe kweli," akaendelea. "Nesi alisema dawa zipo. Mama akizianza mapema mtoto anaweza kuzaliwa salama. Alitufundisha hivyo zamani, nyuma ya pazia. Unajua Fikirini kanijibu nini? Kachukua dole langu, kabonyeza. Kasema, 'Safi, mpenzi, unanitia aibu bure.' Mimi ni Balozi, kasema, Balozi anaingiaje kwenye vioo?"

"Nenda hospitali ya mjini basi."

"Mwanafunzi wa chuo akifika pale anarudishwa kwenye zahanati ya chuo chake. Wanasema tuna ya kisasa." Akageuka kukitazama kile chumba kinavyong'aa na taa zake. "Shangazi, fundi Alfani jana alinikisia."

Nikamfungulia mlango wa jikoni.

Siwema akakaa juu ya gunia la maharage, akafikiri. Halafu akauliza swali la ajabu. "Yule kijana aliyevuta kisanduku. Wimbo ulipokuwa unalia, ulimwona?"

"Nimwone wapi? Macho kwenye bendera."

"Nani alimwona?"

"Hakuna. Tulimwona ulipokwisha, kwa kuwa alisimama pale pale kama mlingoti."

"Na kama asingesimama?"

Nikamtazama. Akanitazama. Bendera iko ukuta wa mbele. Vioo viko nyuma ya visogo vya watu wote.

"Kupimwa kunachukua muda gani?" nikauliza.

"Kama robo saa."

"Wimbo mmoja hautoshi."

"Hautoshi," akasema. "Mtu lazima avute tena na tena."

*

Siku iliyochaguliwa ilikuwa ya kukabidhiwa kombe, Mheshimiwa Gubika mwenyewe meza kuu, bwalo limejaa mpaka madirishani, walinzi kila mlango. Mtu mwingine angeogopa. Lakini siku za kawaida kuna wazembe wanaothubutu kugeuza shingo. Mbele ya Waziri nani anageuza?

Waziri alikuwa katikati ya hotuba. "Wapo wanaouliza, mbona vijana wanahitimu haraka hivi? Nawajibu: ni akili! Akili ikizidi, mwili unashindwa kuibeba..."

Wimbo ukalia.

Mheshimiwa akafunga mdomo, akageuka akatupa mgongo, na meza kuu yote ikageuka. Bwalo likainuka. Nani aliyevuta? Mimi sijui. Macho yangu yalikuwa kwenye bendera. Waliochunguza baadaye walisema kisanduku kilikutwa na alama za unga wa ngano, lakini chuoni kwetu unga umejaa tele.

Niliyoyasikia naweza kusema, kwa kuwa sheria haijakataza masikio. Nilisikia kandambili zikitembea, taratibu, bila kukimbia. Nilisikia mlango wa kioo. Nesi Sabaha hakusimama wima, aliwaambia waliomhoji baadaye kwamba kile kipaza sauti kilishamharibu masikio na hasikii tena nyimbo. Ubeti wa Rais wa kwanza ukapita, na wa pili, na ule mrefu wa tatu unaotaja mito yote. Wimbo ukaisha, na kabla mtu hajapumua ukaanza tena. Waziri akatingisha mabega, lakini hakugeuka. Angegeukaje? Ubeti wa mwisho ni wa Rais aliyepo.

Mara ya tatu ndipo niliposikia miguu mingine.

Viatu vya raba kwanza. Halafu visigino virefu, vinajaribu kunyamaza. Benchi lililosogezwa kwa uangalifu. Mtu alikohoa nyuma yangu, nikakijua kikohozi, kijana wa uhandisi anayependa maharage bila chumvi. Nikasikia miguu mingi ikiburura sakafu kuelekea nyuma, nayo inapanga mstari, na hakuna aliyesukuma. Nilikuwa nimeisahau sauti ya foleni. Wimbo ukaanza mara ya nne, ya tano, mtu anavuta na kuvuta. Nesi Sabaha, kama amri inavyotaka, akawa anatangaza majibu kwenye kipaza sauti, na wimbo unayameza yote.

Halafu mlango wa jikoni kwangu ukafunguka na kufungwa. Kandambili zikapita mgongoni mwangu. Mkono ukanigusa bega, mkono wa baridi, na nikasikia vidonge vikigongana kwenye kopo.

"Ninavyo, Shangazi," akasema Siwema sikioni kwangu. "Ninao ugonjwa, na ninavyo." Akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mtu akavuta tena. Kisanduku kikatoa mlio wa chuma tupu. Kondomu zilikuwa zimekwisha.

Wimbo haukurudi. Mheshimiwa Gubika akageuka.

Foleni ilianzia kwenye vioo ikazunguka bwalo. Wanafunzi, wapishi wawili, mhadhiri wa maadili, na karibu na mbele kabisa, kofia mkononi, mlinzi wa Waziri mwenyewe. Wote wamesimama, hakuna anayepumua. Mbele yao, juu ya jukwaa, kwenye meza kuu, alibaki mwanafunzi mmoja ambaye hakujongea tangu wimbo wa kwanza: Fikirini, mkono kifuani, machozi yanamtoka. Nadhani ni uzalendo.

Waziri aliifuata foleni kwa macho mpaka mwisho wake. Halafu akatabasamu, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nawapongeza," akasema polepole. "Sioni wagonjwa hapa. Naona vijana waliojipanga kwa hiari yao kuhitimu." Akaita kwa sauti. "Fundi Alfani! Wapime."

Na fundi Alfani, mtu mpole, akavua futi shingoni, akaanza nyuma ya foleni. Milango ikafungwa.

*

Ni wangapi walikuwa wamekwisha kupata dawa, na ni wangapi walirudishwa kabla ya zamu yao, hilo anajua Nesi Sabaha, naye amehamishiwa kisiwani kupima samaki. Wengi walitawanyishwa makwao usiku ule ule kwa malori. Zahanati ya vioo haikuvunjwa, hasha. Imepata nesi mpya asiye na maneno. Kisanduku kimejazwa upya na wimbo ni ule ule. Kilichobadilika ni kitu kimoja kidogo: bendera imehamishwa kutoka ukuta wa mbele. Sasa inaning'inia juu ya vioo.

Na Siwema? Mwanafunzi asiyeonekana bwenini kwa muhula mzima anahesabiwa amehitimu, kwa hiyo Profesa Kitojo alitangaza, joho likashonwa kwa kipimo alichokisiwa, na jeneza likaletwa likiwa limeshapigiliwa misumari, maana ndani hamkuwa na mtu wa kuonyeshwa. Mama yake tulimpigia simu. Akaja kutoka kwao, akalia vizuri sana, kwa utaratibu, kila akiinamia bega langu ananikonyeza.

Matanga yalikuwa uani kwangu. Nilipika pilau mwenyewe, na watu walijaa, nami napenda watu wakijaa. Jikoni kwangu alikuwepo mwoshaji vyombo mmoja, amejitanda kanga mpaka puani, tumbo limetangulia mbele. Nani anamtazama mwoshaji vyombo? Alikula sahani mbili. Ilipofika saa yake akatoa kopo kifuani, akameza kidonge kwa maji ya ndoo, akaendelea kusugua masufuria ya msiba wake.

Balozi wa Usafi ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Shati lilikuwa lile lile lisilojua kukunjamana, ila sasa kola ilimzunguka shingo bila kuigusa. Alisoma mstari, akakohoa, akasoma mstari. Alipomaliza akaja mlango wa jikoni kuomba maji. Mwoshaji vyombo akampa kikombe, na kanga ikashuka puani.

Kikombe kilianguka. Hakupiga kelele. Alimtazama usoni, akamtazama tumboni, mdomo unatafuta kazi.

"Wewe... Siwema, wewe tumekuzika."

"Mmezika joho. Fikirini, mimi nina virusi, mwenzako. Nimeanza dawa, nakula, nalala. Nesi mmoja wa mjini ananipa kwa siri, ni rafiki wa Sabaha. Njoo nami kesho asubuhi. Kesho tu. Hakuna vioo, kuna mlango wa nyuma."

"Mimi ni Balozi."

"Wewe ni baba wa huyu."

Akageuka akatazama uani. Watu wa Wizara walikuwa kwenye viti vya mbele wanatafuna nyama, na mmoja alikuwa ameanza kunyoosha shingo kutuangalia. Fikirini akalazimisha tabasamu, yale meno.

"Siumwi," akasema. "Ni vumbi la safari. Tazama basi kama huamini. Na wewe Shangazi, tazama."

Akanyoosha dole gumba kati yetu, akalibonyeza kwa mkono wa pili mpaka ukucha ukawa mweupe. Akaachia.

Tukautazama, Siwema na mimi. Uani walikuwa wanacheka kitu. Nyuma ya bega la Fikirini, kwa adabu zake zote, fundi Alfani alikuwa amesimama na sahani ya pilau mkono mmoja, na futi imening'inia katika mkono mwingine. Alikuwa anautazama pia.

"Mnaona?" akasema Fikirini, anaangalia juu kama anayesikiliza redio ya mbali. "Imerudi."

Sisi tulikuwa bado tunangoja.